SEMA KILE UNACHOONA
(Fundisho juu ya wanafunzi wenye macho zaifu)

Ya kusoma kwanza: Mariko 8.22-26 na Mariko 10.46-52



Fundisho la leo ni juu ya jambo lililo katikati yetu kila siku, lakini watu hawalisemi. Ni habari ya macho. Sisemi juu ya kipofu asiyeona kitu hata kidogo. Nasema juu ya yule anayeona, lakini haoni ya kutosha. Anakuja masomoni peke yake, anacheza mupira, anakuita kwa jina kwa sababu anajua sauti yako, basi kila mutu anafikiri kwamba anaona kama wengine. Lakini akikaa ku benchi ya nyuma, ubao kwake ni kitu cheusi chenye mavumbi meupe tu.

Kwa nini tuseme habari hii? Kwa sababu njia ya kupotea ni fupi. Asiyesoma ubao anaandika nusu ya fundisho. Aliyeandika nusu anajibu nusu. Pointi zinaanguka. Ku nyumba baba anasema: "Feza ya masomo inapotea bure, afazali akae tu." Ni hivyo mutoto mwenye akili anatoka katika masomo, na hakuna mutu aliyemufukuza.

Nilijua mwanafunzi mumoja wa hapa Bunia. Jina lake na masomo yake ninaacha. Siku ya interogasio mwalimu aliandika maulizo ku ubao, kisha akamukuta kijana yule ameinamia kaye ya mwenzake. Akamupa sifuri, na kalasi yote ikamucheka kwamba ni mwizi wa majibu. Kumbe hakutafuta majibu. Alitafuta maulizo, maana hakuyaona. Alisikia haya kusema, akanyamaza. Mwaka ule haukuisha, akaacha masomo. Leo anauza vitu vidogo vidogo sokoni, na kwa hesabu ya kichwa hakuna anayemushinda.

Basi tujifunze pamoja, musitari kwa musitari.

1. MACHO ZAIFU NI NINI?

Mwaka 1862 daktari mumoja wa Uholanzi, Herman Snellen, alitengeneza karatasi ya herufi, kubwa juu na ndogo chini, ile tunayoiona ukutani kwa daktari wa macho. Kutoka pale tulipata namna ya kuhesabu macho. Daktari akisema 6/6, maana yake macho ni mazima. Akisema 6/60, maana yake ni hii: kile ambacho mwenye macho mazima anasoma akiwa mbali kwa metre 60, wewe unakisoma ukikaribia mpaka metre 6.

Shirika la Afya la Dunia (OMS) linapima jicho lile linaloona vizuri zaidi kati ya mawili. Likiwa chini ya 6/18, ni uzaifu wa kadiri. Chini ya 6/60, ni uzaifu mukubwa. Chini ya 3/60, ni upofu. Munaona sasa kwamba kati ya mwenye macho mazima na kipofu kuna pahali pakubwa, na wandugu wetu wengi wanakaa pale katikati.

Uzaifu unatoka wapi? Sababu ni nyingi, na tukichanganya sababu tutakosa dawa.

a) Kuna macho yanayotaka miwani tu. Umbo la jicho halipeleki mwanga pahali panapofaa. Akipata miwani, anasoma kama wewe.

b) Kuna jicho linalofunikwa na weupe ndani yake. Hata watoto wanaweza kuwa nalo. Daktari anaweza kulipasua na kuondoa weupe ule.

c) Kuna wandugu zetu wenye ualbino. Ile rangi inayokosekana katika ngozi inakosekana ndani ya jicho pia. Sehemu ya nyuma ya jicho, ile ya kuona vitu vidogo, haikukomaa sawasawa. Kwa hiyo miwani inaweza kuwasaidia, lakini haiwezi kurudisha yote. Tena mwanga mwingi unawachoma, na macho yao yanacheza-cheza pasipo wao kupenda. Mutu asiyejua anasema: "Huyu hataki kunitazama." Si vile. Ni jicho lenyewe.

d) Kuna ugonjwa wa inzi mudogo mweusi anayezaa katika mito yenye maji ya mbio. Akiuma mutu, anatia mududu mwembamba katika mwili. Watoto wa mududu yule wanatembea chini ya ngozi mpaka katika macho, na macho yanaharibika polepole kwa miaka. Hapa kwetu Ituri ugonjwa huu si hadisi. Dawa ya Mectizan inatolewa bure tangu mwaka 1987. Inaua watoto wa mududu na kukinga macho, lakini jicho lililokwisha kuharibika hairudishi. Kwa hiyo wanapokuja kuigawa katika muji wenu, mutu asikimbie.

e) Kuna mengine tena: surua, ajali, na ugonjwa wa maji kuzidi nguvu ndani ya jicho, unaokula macho kutoka pembeni pasipo maumivu.

Mutu ambaye daktari amekwisha kufanya yote, miwani amepewa, na bado haoni ya kutosha, ni yeye tunamuita mwenye macho zaifu. Yeye hahitaji kuambiwa, "Tafuta miwani." Anahitaji mambo mengine, na tutayaona mbele.

2. HESABU YA UBAO

Sasa tufanye hesabu kidogo. Wasiopenda hesabu wasikimbie, ni rahisi.

Kwa metre 6, jicho zima linaweza kutambua herufi yenye urefu wa milimetre 9 hivi, si ndogo kuliko hiyo. Jicho la 6/18 linataka herufi kubwa mara tatu: milimetre 26. Jicho la 6/60 linataka kubwa mara kumi: karibu santimetre 9. Ni mwalimu gani anaandika herufi za santimetre 9? Musitari mumoja ungejaza ubao wote. Mara nyingi mwalimu anaandika herufi za santimetre 3 ao 4.

Lakini angalia vizuri: ukipunguza umbali, herufi inayohitajika inapungua vilevile. Mwenye 6/60 akitoka metre 6 na kuja metre 2, hatafuti tena santimetre 9. Anatafuta santimetre 3. Na ile mwalimu anaiandika! Akisogea mpaka metre 1, santimetre 1 na nusu inatosha.

Basi mwanafunzi yule yule, macho yale yale, mwalimu yule yule. Ku benchi ya nyuma ni kama kipofu, na ku benchi ya kwanza anaanza kusoma. Jambo lililobadilika ni kiti tu. Kubadilisha kiti hakuombi feza wala musaada kutoka ngambo.

Ongezeni neno hili: hesabu hii ni ya kutambua herufi kwa taabu, moja moja. Kwa kusoma mbio bila kuchoka, herufi inapaswa kuwa mara mbili hivi. Kwa hiyo hata pale mbele mwenye macho zaifu anachoka upesi kuliko wewe. Akifunga macho kidogo saa ya sita, usiseme analala.

Na hii pia: wazazi wengi wanamukataza mutoto kukaribisha kitabu ku pua, wanasema ataharibu macho. Kwa mwenye macho zaifu, kukaribisha kitabu hakuzidishi uzaifu. Kitabu kikitoka santimetre 40 na kuja santimetre 20, herufi zinaonekana kubwa mara mbili. Ni dawa yake, musimunyanganye.

3. KIPIMO AMBACHO KILA KALASI INAWEZA KUFANYA

Twaa karatasi nyeupe. Chora herufi E nyeusi kabisa, urefu milimetre 26, upana milimetre 26, na kila muguu wake uwe na unene wa milimetre 5. Nafasi kati ya miguu iwe 5 vilevile. Pima metre 6 inje, katika kivuli pahali penye mwanga muzuri. Mwenzako afunike jicho moja kwa kiganja, asilikandamize. Wewe geuza E mara tano: miguu juu, chini, kuume, kushoto. Yeye aonyeshe kwa mukono miguu inaelekea wapi. Fanya jicho moja, kisha lingine. Kama ana miwani, aivae.

Akikosa mara mbili ao zaidi kwa macho yote mawili, kila moja peke yake, macho yake pengine ni chini ya 6/18. Asingoje, aende kwa daktari wa macho.

Kisha fanya hili: toboa karatasi ngumu kwa musumari mwembamba, tundu la milimetre 1 hivi. Atazame E kupitia tundu lile. Kama sasa anaona vizuri kuliko mbele, ni alama kwamba miwani inaweza kumusaidia sana. Kama haibadiliki kitu, sababu inaweza kuwa ndani ya jicho. Kipimo hiki si daktari. Ni mulango wa kukupeleka kwa daktari tu.

4. YULE MUTU WA BETISAIDA

Sasa tufike kwa Neno. Katika Mariko sura ya 8 watu walileta kipofu kwa Yesu huko Betisaida. Tuangalie mambo mane.

La kwanza: Yesu alimushika mukono na kumutoa inje ya kijiji. Hakumupima mbele ya makutano. Walimu wetu na makapita, tusikie hilo. Usimuulize mwanafunzi mbele ya wenzake sitini, "Wewe huoni?" Atasema anaona, hata kama haoni, kwa sababu ya haya. Muite pembeni.

La pili: nyuma ya kumuwekea mikono, Yesu alimuuliza kama anaona kitu. Aliuliza! Hakusema, "Nimekwisha kazi yangu, kwenda." Ni vile mwalimu anapaswa kuuliza: "Kutoka pale unapokaa, unasoma nini?"

La tatu, na ndilo kubwa: mutu yule alisema kweli. Aliona watu, lakini walionekana kama miti inayotembea. Angaliweza kusema, "Ndiyo Bwana, ninaona, asante," ili asionekane kama mutu asiye na shukrani. Angaliweza kusema vilevile, "Hapana, sioni kitu." Hakuongeza, hakupunguza. Alipima macho yake kwa maneno: watu ninaona, sura zao hapana. Wandugu wenye macho zaifu, maneno kama yale ni ufunguo wenu.

La ine: Yesu hakukasirika kwamba kazi haijatosha. Aliweka mikono mara ya pili. Kwa hiyo kuomba mara ya pili si zambi.

Katika sura ya 10 tunamukuta Bartimayo. Watu walimukemea anyamaze, naye alizidi kupaza sauti. Na Yesu, ingawa kila mutu aliona kwamba ni kipofu, alimuuliza anataka afanyiwe nini. Ile inatufundisha kwamba hata mutu mwema hawezi kujua haja yako yote mpaka uiseme mwenyewe.

5. UNAWEZA KUOMBA NINI?

Usiseme tu, "Nisaidie." Omba kitu chenye jina. Haya hapa yanawezekana hata katika masomo yasiyo na umeme:

a) Kiti cha mbele, karibu na katikati ya ubao. Kama mwanga unakuchoma, kiti ambacho dirisha liko nyuma yako ao pembeni, si mbele ya macho.

b) Mwalimu atamke kila kitu anachoandika. Kama anaandika "x mbili kutoa tatu," aseme vile, asiseme "hii kutoa ile." Neno "hii" halionekani kwa masikio.

c) Ubao upanguzwe kwa kitambaa chenye maji. Chaki nyeupe juu ya ubao mweusi safi inaonekana. Chaki ya rangi juu ya ubao wa kijivu haionekani.

d) Ruhusa ya kusimama na kwenda karibu na ubao, ao kuazima kaye ya mwenzako nyuma ya fundisho.

e) Mwenzako mumoja wa kukusomea kwa sauti ndogo. Muchague anayeandika vizuri, na mupeane: yeye anakusomea, wewe unamufasiria hesabu.

f) Karatasi ya interogasio iliyokuzwa. Katika nyumba za fotokopi za muji wetu mashine inaweza kukuza karatasi ya A4 mpaka A3. Herufi ya milimetre 2 inakuwa karibu milimetre 3. Ni kidogo kwa macho yako wewe, lakini kwa mwingine ni tofauti ya kufaulu na kuanguka.

g) Biki nyeusi yenye musitari munene, na kaye ambayo mistari yake umeikoleza. Biki ya bluu nyepesi uiache.

h) Kofia yenye ukingo, hata ndani ya kalasi, kwa wenye ualbino. Najua sheria inakataza kofia. Lakini kofia hii si ya kujipamba. Ni kivuli cha macho.

i) Kioo cha kukuza herufi. Na pahali ambapo sheria ya masomo inakubali, telefone ya kupiga picha ubao na kuikuza. Telefone bila ruhusa hapana. Uombe kwanza.

j) Dakika za kuongezwa. Anayesoma herufi moja moja hawezi kumaliza pamoja na anayesoma musitari muzima.

6. NAMNA YA KUOMBA

Kuna wanaonyamaza mpaka mwisho wa mwaka, kisha wanalia siku ya kutangaza pointi. Kuna wengine wanaosema kwa hasira, na mwalimu anafikiri ni kiburi. Njia iko katikati.

Omba mapema, juma la kwanza, si asubui ya egzamini. Ngoja mwalimu amalize fundisho, umukaribie inje. Sema mambo matatu: unaona nini, huoni nini, unaomba nini. Kwa mufano:

"Mwalimu, samahani. Macho yangu iko zaifu, daktari amekwisha kuyaangalia. Kutoka benchi ya tatu ninaona kama umeandika, lakini herufi sisomi. Ninaomba nikae benchi ya kwanza upande wa mulango. Na ukiandika, ninaomba utamke. Nitatumika kwa bidii."

Angalieni maneno yale. Hakusema, "Mwalimu unaandika vibaya." Hakusema, "Nihurumie." Alileta shida pamoja na dawa yake. Mwalimu mwenye wanafunzi sitini, na zaidi sasa ambapo watoto waliokimbia vita wamejaza makalasi ya muji wetu, hana wakati wa kufikiri dawa kwa kila mumoja. Ukimuletea dawa mkononi, ataipokea.

Akisahau, umukumbushe kwa heshima. Akikataa, usigombane. Enda kwa mwalimu anayesimamia kalasi yako. Nyuma yake uende kwa Bwana Prefe, pamoja na baba, mama ao mulezi wako. Peleka karatasi ya daktari kama unayo, na barua fupi yenye tarehe, ubaki na kopi yake. Neno la kinywa linasahauliwa, karatasi inabaki.

Kwa Egzamini ya Leta jambo hili ni zito zaidi. Pale unachagua jibu moja kati ya mengi, na kulitia alama pahali pake ku karatasi ya majibu. Macho yakiruka musitari mumoja, majibu yote yanayofuata yanakaa pahali pasipo pao, hata kama unayajua yote. Kwa hiyo mwenye macho zaifu wa kalasi ya mwisho azungumuze na Bwana Prefe tangu wakati wa kuandikisha majina, ili masomo yaandikie Inspeksioni mapema. Tena ajizoeze nyumbani kutumia rula ao karatasi nyeusi ya kufunika mistari mingine.

7. "LAKINI HUU SI UPENDELEO?"

Nimesikia ulizo hili mara nyingi, hata kwa wanafunzi wazuri. Wanasema: "Kama yeye anaongezwa dakika, na mimi je?"

Jibu ni hili. Egzamini inataka kupima kama unajua historia, hesabu ao Kifaransa. Haikutungwa ipime kama unaona herufi ya milimetre 2. Maulizo yanabaki yale yale, pointi zinabaki zile zile, na asiyejifunza ataanguka hata ukimupa siku nzima. Kinachoondolewa ni kile kizuizi tu. Sheria ya Musa, katika Walawi 19, ilikataza kuweka kizuizi mbele ya kipofu. Leo kizuizi kinaweza kuwa karatasi yenye herufi ndogo.

Sheria za inchi zinasema vilevile. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika artikle ya 49, inawapa wenye vilema haki ya kulindwa kwa namna inayofaa hali yao. Mwaka ule wa 2006 Umoja wa Mataifa ulitoa Mapatano juu ya haki za watu wenye vilema. Artikle ya 24 inasema juu ya masomo: mambo yatengenezwe kwa kadiri inavyowezekana ili yamufae mwanafunzi. Kongo iliingia katika Mapatano yale mwaka 2015. Kisha tukapata sheria yetu wenyewe, numero 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, ya kulinda na kuendelesha haki za watu wenye vilema. Kwa hiyo anayeomba kiti cha mbele haombi sadaka.

Majirani wetu wanafanya hivyo. Huko Tanzania, Baraza la Mitihani linahesabu wenye "uoni hafifu," ndilo jina wanalotumia, na kuwapa karatasi zenye maandishi makubwa na muda wa kuongezwa. Kenya vilevile. Tena tusisahau kwamba makanisa yalianza kazi hii zamani: Jeshi la Wokovu walifungua masomo ya vipofu huko Thika, Kenya, mwaka 1946, na Waanglikana walifungua ya Buigiri, Tanzania, mwaka 1950. Sisi tulio katika masomo ya kanisa hatuwezi kusema kwamba hii si kazi yetu.

Na matunda yako. Bibi Mumbi Ngugi wa Kenya, mwenye ualbino, aliingia Korti Kuu kuwa jaji mwaka 2011, na Korti ya Rufaa mwaka 2021. Daktari Abdallah Possi wa Tanzania, mwenye ualbino vilevile, ni mwanasheria. Aliwekwa kuwa naibu waziri mwaka 2015, kisha akatumwa kuwa balozi wa inchi yake huko Ujerumani. Kazi ya mwanasheria ni kusoma karatasi kutoka asubui mpaka jioni. Kama wangaliachwa ku benchi ya nyuma, leo nani angalijua majina yao?

8. NENO KWETU SISI TUNAOONA

Wandugu, sehemu kubwa ya muzigo huu ni sisi tunaiweka. Majina ya kuchekelea tuyaache. Mwenye macho zaifu akipita pasipo kukusalimu, usiseme anajivuna. Taja jina lako kwanza: "Ni mimi fulani." Ukimukuta anainamia kaye yako, umuulize anatafuta nini mbele ya kupiga kelele. Ukimusomea ubao, umusomee kama ulivyo, usimupe majibu. Atajibu mwenyewe. Na ukihamisha benchi ao ndoo katika njia ya kalasi, umuambie.

Benchi ya kwanza tumeifanya kuwa pahali pa azabu kwa wenye kelele. Ndiyo sababu mwenye haja nayo anaona haya kuiomba. Makapita wa makalasi tumezungumuza na kupatana mambo mawili, nayo Bwana Prefe ameyakubali. Mwanzo wa kila trimestre tutapita katika kila kalasi na karatasi ile ya E. Tutapima inje, mumoja mumoja, na majina hayatasomwa mbele ya watu, yataletwa kwa mwalimu wa kalasi tu. Tena viti vinne vya mbele vitawekwa kwanza kwa wenye haja ya macho, kisha wengine watapangwa. Wenye kelele watatafutiwa azabu nyingine.

Na wewe ambaye umesoma fundisho hili kitabu kikiwa ku pua, ao umesomewa na mwenzako, nakuomba neno moja. Usinyamaze. Sema unaona nini, sema huoni nini, sema unaomba nini. Mulango wangu wa bweni uko wazi kila jioni nyuma ya maombi. Kama unaogopa kwenda kwa mwalimu peke yako, tutakwenda wawili.

MAULIZO YA KUJIFUNZA PAMOJA

1. Eleza kwa maneno yako maana ya 6/60.
2. Mwanafunzi wa 6/18 anakaa metre 8 mbali na ubao. Herufi inapaswa kuwa na urefu gani ili aitambue? (Jibu: milimetre 35 hivi. Onyesha hesabu yako.)
3. Kuna tofauti gani kati ya mwenye haja ya miwani na mwenye macho zaifu?
4. Mutu wa Betisaida alijibu nini, na kwa nini jibu lake lilikuwa zuri?
5. Andika maneno matatu ambayo ungemuambia mwalimu kama macho yako yangekuwa zaifu.
6. Katika kalasi yenu ni kitu gani kinachoweza kubadilishwa juma hili pasipo feza?

Mungu awabariki.

Ni mimi ndugu yenu,
Kapita wa wanafunzi, kalasi ya mwisho, Pedagogia